Ukurasa wa Bure Una Mwenyewe



Leo tuna neno juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analiona kila siku na ni wachache wanaolizungumza: matangazo yanayokaa kwenye kurasa za bure za intaneti, zile tunazoonyeshea mashela, hina, udi na mapambo. Tunautaja msimamo wetu mapema ili msomaji asisumbuke kuutafuta. Ukurasa wa bure una mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Tena nafasi ya tangazo haikai wazi hata siku moja. Sisi wenye biashara za halali tusipoijaza, wataijaza wenye kamari, wakopeshaji wa riba na wapiga ramli.

Tunasema "sisi" kwa sababu jambo hili si la mtu mmoja. Sisi ni mafundi cherehani wa Namasakata, mkoani Ruvuma. Kwa wateja wa karibu hatuhitaji kujitangaza. Minada ya korosho ikianza mwezi wa Oktoba na pesa ikaingia mikononi, harusi zinafuatana, na mama mwenye binti anajua mlango wa kubisha. Lakini wateja wa Unguja, Pemba na Mafia hawatujui kwa sura. Wanatujua kwa picha. Hatuna duka lenye dirisha la kioo barabarani. Kioo chetu ni simu. Kwa hiyo hatuyatukani majukwaa ya bure. Yametufikisha mahali ambapo nauli isingetufikisha, na mtu akikufaa usimsahau wema wake.

Hata hivyo, wema hauzuii kuulizana bei.

Tangazo lililokuja bila kualikwa

Kabla ya Ramadhani iliyopita mama mmoja wa Pemba alitutumia ujumbe. Binti yake alikuwa anaolewa Mfungo Mosi, na alitaka shela moja, gauni la nikaha, na sare za mashoga sita. Tukakubaliana kitambaa, tukakubaliana bei, tukabaki kusubiri vipimo. Siku ya tatu akatutumia picha aliyoipiga kwenye simu yake. Ulikuwa ukurasa wetu, na shela letu jeupe lenye lesi mikononi. Chini ya shela, kwa rangi za kuwaka, kulikuwa na tangazo la kubeti: weka buku, uvune mamilioni.

Akauliza, "Mwanangu, nyinyi mnauza nguo au mnauza mikeka?"

Tukamweleza kwamba hatukuliweka sisi, wala hatujapata senti kwalo, wala kwenye simu zetu halikuonekana. Sisi tulikuwa tunaona tangazo la mafuta ya kula. Mama yule hakutufokea. Alijibu kwa upole, "Haya, lakini mimi nimeliona kwenu." Vipimo havikuja.

Tumelifikiria jibu lake muda mrefu, na tunaona lilikuwa na haki ndani yake. Mteja akikuta chupa za pombe zimepangwa kwenye baraza ya duka la buibui, hatauliza nani kazileta. Baraza ni ya nani? Ya mwenye duka. Ndivyo macho ya watu yanavyohukumu, na biashara ya nguo za stara inaishi kwa macho ya watu.

Bure hii inalipwa na nani

Ili tusilaumu hewa, tueleze kazi inavyokwenda.

Mwenye jukwaa ana kompyuta kubwa zinazohifadhi picha zetu, ana umeme wa kulipa na wafanyakazi wa kulipa. Sisi hatumlipi. Basi anauza kitu kingine, nacho ni macho ya wasomaji wetu. Kila msomaji anapofungua ukurasa, nafasi ya tangazo inanadiwa na mashine. Wanaotaka kutangaza wanashindana bei, aliyepanda juu anaingia, na mnada mzima unakwisha kabla picha ya shela haijamaliza kufunguka. Hakuna mhariri wa kusema hili lifae na lile lisifae, kama ilivyo kwa gazeti au redio ambako tangazo linapita mkononi mwa mtu.

Majukwaa hayafanani. Blogger, ambayo wengi wetu tunaijua kwa anwani zake za Blogspot, ilianza mwaka 1999 na Google ikainunua mwaka 2003. Humo matangazo hayaingii mpaka mwenye ukurasa ayaruhusu mwenyewe kwa kujiunga na AdSense, mpango wa matangazo wa Google. WordPress.com, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina utaratibu mwingine: ukikaa bure, kampuni inaweka matangazo kwa wasomaji wako na mapato ni yake, ukilipia, yanaondoka. Wengine wanabandika jina la kampuni yao juu ya ukurasa wako mpaka ulipe. Kwa hiyo dada anayefungua ukurasa aulize swali moja tu kabla ya kuchagua rangi na maua: hapa tangazo linaingia kwa ruhusa ya nani?

Nchi yetu inazijua faida za kurasa hizi. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianza blogu yake mwaka 2005 kwenye Blogspot, na kwa miaka Watanzania wa ndani na wa ughaibuni walikuwa wakifungua hapo kuangalia harusi, misiba na sherehe za kwao. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na matangazo ya wafanyabiashara wanaojulikana. Hiyo ilionyesha kwamba ukurasa wa bure unaweza kuwa na baraza safi, mwenye ukurasa akijua nani amekaa kwake.

Halafu mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikataka wenye blogu wawe na leseni, na leseni ilikuwa shilingi milioni moja, mbali na ada ya maombi ya shilingi 100,000. Baadaye ada ya leseni ikapunguzwa kwa nusu, lakini wanawake wengi wa biashara ndogo walikwisha kuhamia Instagram, Facebook na WhatsApp. Huko tumekuwa wapangaji zaidi kuliko awali. Kwenye blogu tulikuwa na chumba. Kule tumetandika mkeka sokoni, kulia kwetu yuko muuza mitandio na kushoto yuko yeyote aliyelipa.

Tena mpangaji wa bure hana mkataba wa kujivunia. GeoCities ilikuwa mtaa mkubwa wa kurasa za bure duniani. Ilianza mwaka 1994, Yahoo ikainunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikafungwa. Watu waliokuwa hawajahamisha picha na maandishi yao walivipoteza. Kazi ya mikono yako ya miaka kumi isihifadhiwe mahali pamoja ambapo huna ufunguo.

Usimhukumu mume kwa tangazo

Hapa tunataka kusimama kidogo na mabibi harusi.

Mtu akiona tangazo la kamari au la kutafuta wachumba kwenye simu ya mchumba wake, jambo la kwanza linalokuja kichwani ni shaka. "Mashine inajua anachokitafuta." Ni kweli mashine inafuatilia. Inaangalia kurasa ulizopita, maneno uliyoyatafuta, mahali ulipo na saa unayoshika simu. Ndiyo sababu sisi tuliona mafuta ya kula na mama wa Pemba akaona mikeka, kwenye ukurasa ule ule.

Lakini tangazo si shahidi. Mwenye kamari anaweza kununua watu wote wa mji fulani, au wote waliofungua simu usiku wa mpira, hata ambao hawajawahi kubeti maishani. Simu moja inashikwa na kaka, mdogo mtu na jirani aliyeomba kupiga. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Sura Al-Hujurat tujiepushe na dhana nyingi na tusipelelezane. Ndoa ngapi zimeanza vibaya kwa kupekua simu? Ukiwa na wasiwasi, muulize mtu wako kwa heshima. Usiiulize mashine inayotafuta pesa.

Kwa upande mwingine, ufuatiliaji huo una hasara kwa bibi harusi mwenyewe. Ukianza kutafuta mashela na kumbi, mashine inakuandika kwamba unaolewa. Kuanzia hapo utafuatwa na dawa za kung'arisha ngozi, dawa za kupunguza tumbo kwa wiki moja, mikopo ya sherehe, na mganga wa kumfunga mume asitoke nje. Wanajua uko kwenye kipindi cha furaha na hofu, na hofu ndiyo wanayoiuzia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Jina lako, namba yako na picha yako ni mali yenye ulinzi. Usizijaze kwenye fomu ya tangazo kwa ahadi ya zawadi.

Vitu vitatu visivyofaa kando ya shela

Kuna dada watasema tunakuza jambo, matangazo ni matangazo. Tuyataje kwa majina ili ijulikane tunapinga nini.

La kwanza ni kamari. Aya ya 90 ya Sura Al-Maida imeiweka kamari pamoja na pombe, masanamu na kupiga ramli, na ikatuamrisha tujiepushe nayo. Hata ukiacha dini pembeni, wenzetu wa Kenya wameona madhara: Aprili 2025 bodi yao inayosimamia michezo ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Serikali haisimamishi tangazo lisilodhuru. Na sisi tunaoshona nguo tunajua mahari ngapi zimecheleweshwa kwa sababu ya mikeka.

La pili ni mikopo ya riba ya kwenye simu, ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini. Wengi waliumizwa kwa kupigiwa ndugu zao na kutangazwa kwa majirani kwamba ni wadaiwa. Bibi harusi anayekopa huko ili akodi ukumbi mkubwa anaingia kwenye ndoa na deni lenye meno. Shela lililonunuliwa kwa riba halimpendezi mtu, hata sisi tuliolishona.

La tatu ni ramli: nyota, pete za bahati, limbwata. Hili linajificha vizuri kwa sababu linajivika nguo za dini. Mganga anaandika kwa herufi za Kiarabu, anaweka picha ya tasbihi, na binti anadhani ni dua. Aya ile ile ya Al-Maida imeligusa. Likikaa chini ya picha yetu ya bibi harusi mwenye hijabu, linakopa stara yetu ili liaminike. Hapo ndipo tunapoumia zaidi, kwa kuwa picha yetu inafanywa chambo.

Majibu kwa wanaotupinga

"Sikuliweka mimi." Ni udhuru, na hatudhani mtu anabeba dhambi ya mnada wa mashine asioushuhudia. Lakini Sura ile ile, katika aya ya 2, imetuamrisha tusaidiane kwenye wema na uchamungu na tusisaidiane kwenye madhambi. Mtu aliyejua na anayeweza kupunguza, kisha akanyamaza, hayuko sawa na asiyejua. Kama kuzima kamari ni suala la dakika kumi kwenye mipangilio, udhuru unakwisha baada ya dakika kumi.

"Matangazo yananipa pesa." Hesabu kwanza. AdSense hailipi mpaka mapato yafike dola 100. Ukurasa wa fundi wa kijijini wenye wasomaji mia kadhaa unaweza kusubiri muda mrefu sana kufika hapo, na njiani utakuwa umepoteza wateja wa kweli. Shela moja lililorudi lina hasara kuliko mapato hayo ya kusubiri. Na kama pesa imeingia kutokana na tangazo la haramu ulilolifungulia mlango mwenyewe, mpelekee swali shekhe unayemwamini kabla hujaitia kwenye chakula cha watoto.

Hapo hapo tulikemee lile la "nibofyee matangazo yangu na mimi nibofye yako". Makundi ya namna hiyo yapo. Kanuni za Google zinalikataza na akaunti inafungwa, lakini hata isingefungwa ni udanganyifu. Aliyelipia tangazo analipa kwa kumdhania mbofyaji ni mteja. Ukibofya bila haja, umempunja mtu usiyemjua. Fundi asiyeiba kitambaa cha mteja asiibe pesa ya mtangazaji.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii tumeipenda tangu tukiwa wadogo, na inampumzisha mwenye kazi nzuri. Sokoni Namasakata bado ni kweli. Mtu akimwona bibi harusi amependeza, anauliza nani kashona. Kwenye intaneti si kweli. Huko kibaya kinajitembeza kwa pesa nyingi usiku na mchana, na kizuri kikikaa ndani kikingoja kuulizwa kitakaa mpaka kivunde. Nafasi ziko, zinanadiwa, na wanaopanda bei ni wale wale watatu tuliowataja. Sisi tumekaa tunalalamika kwamba mtaa umejaa walevi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua duka la maziwa.

Nini kifanyike

Tunapendekeza mambo ambayo fundi mwenye elimu ya sekondari na simu janja anayaweza. Sisi wenyewe hatuna zaidi ya hapo.

Kwa mwenye ukurasa wa Blogger. Kama hujajiunga na AdSense, matangazo hayapo, baki hivyo hivyo. Kama umejiunga, ingia kwenye sehemu ya kuzuia matangazo, tafuta aina nyeti, na uzime uchumba, unajimu na mambo ya uchawi, njia za kutajirika haraka, na picha za mwili ulio wazi. Hakikisha pia kamari na pombe zimezimwa. Kila baada ya mwezi waombe ndugu wawili walio mbali wafungue ukurasa wako na wakutumie picha ya walichokiona, kwa sababu unachokiona wewe si wanachokiona wao.

Kwa aliye kwenye jukwaa linaloweka matangazo yake lenyewe. Hapo huna ufunguo wa kuzima. Una njia mbili: kulipia au kuhama. Peke yako kulipia ni kuzito. Lakini mafundi watano, mpambaji mmoja wa hina na mpishi mmoja wa pilau la harusi wakichangia anwani moja yao wenyewe, mchango wa mmoja kwa mwaka haufiki ujira wa kushona shela. Kila mmoja anapata ukurasa wake ndani ya anwani hiyo. Tunajua kuchangiana: tuna vikoba, tuna upatu, tunachangia maulidi na misiba. Kwa nini baraza ya biashara yetu tuiache kwa wageni?

Kwa aliye Instagram na Facebook. Huwezi kuchagua jirani. Unachoweza ni kuzitumia kama mbiu tu, na duka likawa kwingine. Tupa picha moja kule, kisha mteja mlete kwenye WhatsApp ya biashara yenye orodha ya nguo, vitambaa na bei. Picha zote ziwe pia kwenye kadi ya kumbukumbu nyumbani. Na jina la fundi liandikwe juu ya picha yenyewe, si pembeni, maana picha za mashela huibwa na kutumiwa na matapeli wanaopokea malipo ya awali na kupotea.

Kwa wenye kurasa za wanawake na za dini. Uzeni nafasi zenu wenyewe, kwa mkono, kama magazeti yanavyofanya. Muuza udi wa Darajani, fundi wa Namasakata, mwalimu wa madrasa anayefundisha tajwid kwa simu, mama anayetengeneza visheti vya kufungia harusi: hawa wote wana kitu cha kusema na wana pesa kidogo ya kulipa. Andikeni bei wazi, chagueni mnachokipokea, na mwambie msomaji kwamba hili limelipiwa. Wasomaji hawachukii tangazo. Wanachukia tangazo linalowavizia.

Na kwetu sisi wafanyabiashara. Tuwe tayari kulipa. Kila mtu anataka kurasa safi, na kila mtu anataka kutajwa bure humo. Mwandishi wa ukurasa naye ananunua bando, ana watoto wa skuli, ana simu inayozeeka. Tukimnyima shilingi ya halali tunamsukuma kwenye mnada wa mashine, kisha tunamlaumu kwa kilichotokea huko. Rahisi ni ghali, na aliyeikataa bei ndogo leo ataikuta kubwa kesho.

Na wewe bibi harusi

Wewe ndiye wanayekugombania wote hawa, kwa hiyo mkono wako una nguvu kuliko unavyodhani.

Kwenye simu yako fungua mipangilio ya matangazo ya Google. Tangu mwaka 2022 kuna sehemu ya kupunguza matangazo ya kamari, pombe, uchumba na kupunguza uzito. Facebook na Instagram nazo zina sehemu ya namna hiyo. Hayataisha yote, ila yatapungua. Ukiona baya, bonyeza alama ya pembeni na ulikatae. Usilibofye kwa udadisi, maana kubofya ni kusema "nileteeni tena".

Ukikuta tangazo la haramu chini ya kazi ya dada yako, usimwandame hadharani. Mtumie picha faraghani, kama mama wa Pemba alivyotufanyia sisi, kisha mpe nafasi ya kurekebisha kabla hujaondoka. Nasaha ya siri humjenga mtu. Ya hadharani humwaibisha.

Na unapochagua fundi, usitazame picha tu. Omba kuona bitana, omba kuona mishono kwa ndani, uliza nguo itafika kwa basi gani na boti gani, na nani atabeba hasara ikichelewa. Fundi wa kweli atakujibu. Tangazo halina ndani, nguo inayo, na siku ya harusi utaivaa nguo.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume, na watu walimjua kwa uaminifu wake kabla hawajamjua kwa ujumbe wake. Biashara zetu za nguo za stara zina kazi ya namna hiyo kwa kadiri yake. Watu wakiona baraza yetu safi wataamini na kilicho ndani. Tuifagie wenyewe basi, tuweke wageni wetu wenyewe, na tukilipa kidogo tuhesabu kwamba tumelipia jina.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi mabibi harusi wote, awape waume wema na nyumba zenye utulivu, na atupe sote riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.